Joka la Wanale lina kazi gani?

Safu ya Shangazi wa Vitabu

SWALI

Shikamoo Shangazi. Mimi ni msichana wa miaka 22, naishi Mbale. Mchana nipo kwenye kibanda cha mobile money, usiku naandika. Nina mswada wa riwaya ya Kiswahili kwa vijana, juu ya wasichana watatu wa shule ya bweni. Mmoja wao mama yake yuko kyeyo, yaani kibarua cha ng'ambo, Saudi Arabia, na simu yake imenyamaza tangu muhula uanze. Nilikuwa nakaribia mwisho. Likizo iliyopita binamu yangu anayesoma Makerere akausoma, akasema hadithi za shule zimepitwa na wakati: TikTok siku hizi ni majoka na mapenzi, nisipotia joka hakuna atakayenisoma. Nikatia joka linalolala chini ya mlima Wanale. Tangu hapo hadithi imenigomea. Mwalimu wangu wa zamani naye ananiambia nisitazame kabisa wengine wanaandika nini, nitaharibika. Nimsikilize nani? Na mtu wa Mbale atajuaje vijana wanasoma nini, ikiwa maduka ya vitabu yamejaa vitabu vya mitihani tu?
— Muuza muda wa maongezi, Mbale

JIBU

Marahaba, mwanangu. Kwanza lihamishie hilo joka kwenye faili lake peke yake. Usilifute, tutalihoji baadaye.

Binamu yako ameona kitu cha kweli, lakini amekiona kikiwa kimeshazeeka. Piga naye hesabu. Kwa wachapishaji wakubwa wa Marekani na Uingereza, tangu mkataba utiwe saini mpaka kitabu kifike dukani, mara nyingi hupita mwaka mmoja na nusu au miwili. Kabla ya hapo mwandishi alikuwa ameketi na mswada wake kwa muda wake. Kwa hiyo joka linaloruka leo kwenye simu ya binamu yako lilitagwa miaka mitatu minne nyuma, na wahariri wa huko sasa wananunua kitu kingine ambacho wewe na mimi hatujakisikia. Ukianza kulikimbilia leo, utafika uwanjani watu wanakunja viti.

Yametokea mara nyingi. Mwaka 2005 Stephenie Meyer alitoa Twilight, na kwa miaka kadhaa kila rafu ikawa ya wanyonya damu wenye mashavu meupe. Mwaka 2008 Suzanne Collins akaja na The Hunger Games, wanyonya damu wakapauka zaidi, zikaingia serikali katili na vijana wenye upinde. Veronica Roth alilidaka wimbi hilo mapema, 2011, akafaulu na Divergent. Waliokuja nyuma sana na miswada ya namna ileile walikuta wahariri wamechoka. Mwaka 2012 John Green aliwaliza watu kwa mapenzi ya vijana wawili wenye saratani. Mwaka 2017 Angie Thomas aliandika juu ya msichana mweusi aliyeshuhudia polisi akimpiga risasi rafiki yake. Mwaka 2018 Tomi Adeyemi, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, akaleta uchawi uliochimbwa katika imani za Kiyoruba.

Sasa tazama waanzilishi hao walikuwa wanatazama nini. Collins ameeleza mwenyewe kwamba usiku mmoja alikuwa anabadilisha chaneli za televisheni. Huku vijana wanashindana kwenye kipindi cha mchezo, huku picha za vita vya Iraq, macho yakachoka na vile viwili vikaanza kuingiliana. Akavitia katika hekaya ya zamani ya Kigiriki, ya Theseus, ambamo vijana hutolewa kafara kwa dubwana. Alikuwa anatazama nyumba yake na zama zake. Rafu ya duka la vitabu haimo katika maelezo yake. Na kabla yao wote alikuwepo S. E. Hinton wa Tulsa, Oklahoma, aliyeanza The Outsiders akiwa na miaka 15 kwa sababu hakupata kitabu kinachosema juu ya vijana aliokuwa anawaona shuleni kwao. Kilitoka mwaka 1967, yeye akiwa na miaka 18. Wewe una 22, kwa hiyo usiniambie habari ya udogo.

Usidhani basi namuunga mkono mwalimu wako. Hapana. Asiyesoma wenzake huandika walichokwisha kuandika, tena kwa fahari ya mtu aliyegundua bara. Meza yangu ina miswada mingi inayoanza na kengele ya saa kumi na moja alfajiri, msichana anaamka, anaenda kwenye kioo, anatueleza macho yake, pua yake na nywele zake. Kila mmoja wa waandishi hao anadhani ni yeye peke yake. Wangesoma vitabu vitano tu vya vijana wangeuona huo mlango umechakaa kwa kupitwa.

Basi tazama, ila ujue unachokitazama. Mwaka 2012 kampuni ya Bowker, inayofuatilia biashara ya vitabu Marekani, ilitoa uchunguzi ulioonyesha kwamba 55% ya wanunuzi wa vitabu vya vijana walikuwa na miaka 18 au zaidi, na kundi kubwa kati yao ni la miaka 30 hadi 44, nao wengi walisema wanajinunulia wenyewe. Maana yake orodha ya vitabu vinavyouzwa sana inaonyesha pochi za watu wazima kwa kiasi kikubwa. Hapa kwetu mambo yamegeuka kinyumenyume. Mtu mzima ananunua, na ananunua kilichoandikwa kwenye orodha ya shule. Kijana anasoma kitu kingine kabisa, ambacho hakikununuliwa na mtu: faili la PDF lililopitia makundi ya WhatsApp, au kitabu kisicho na jalada kilichotoka kwa dada wa bweni la pili. Haki ya mwandishi inaumia hapo, najua, na siwapongezi. Lakini ukitaka kujua vijana wa Uganda wanasoma nini, duka la vitabu ndilo mahali pa mwisho pa kuuliza.

TikTok yenyewe isome kwa akili. We Were Liars cha E. Lockhart kilitoka mwaka 2014. Kikarudi kwenye orodha za wauzaji wakubwa 2020, kwa sababu wasichana walikuwa wanajirekodi wanalia baada ya ukurasa wa mwisho. Kitabu cha miaka 6! Kwa hiyo binamu yako akikwambia "kinavuma", muulize watu wanalia wapi, wanacheka wapi, ni ukurasa gani wanausoma kwa sauti. Jalada litakuonyesha joka tu, na pengine aliyelia alilia kwa sababu ya mama.

Nilipokuwa natunza maktaba ya shule moja ya wasichana, nilijifunza kukipima kitabu kwa uti wake. Mfululizo wa Moses wa Barbara Kimenye, ulioanza miaka ya 1960, ulirudi kwangu hauna majalada wala kurasa za kwanza. Vilevile riwaya za Pacesetters, zile ambazo Macmillan walianza kuzitoa 1977: nilizibandika gundi mpaka zikawa nene kuliko zilivyozaliwa. Pembeni yake kulikuwa na maboksi ya msaada kutoka ng'ambo, vitabu vipya vinavyong'aa, vya theluji na farasi, havikuguswa isipokuwa na mende. Halafu wakaja wale wanyonya damu, nikasema haya, Moses kwisha. Kumbe daftari la kuazima likaonyesha msichana yuleyule anachukua Moses Jumatatu na mnyonya damu Alhamisi.

Hilo lilinishughulisha sana, na ndilo ninalotaka ulichukue. Mvulana mtundu wa bweni la Uganda na msichana wa Marekani anayependwa na maiti wanahusiana nini? Nikaanza kuuliza kila kitabu cha vijana swali moja: wazazi wako wapi? Utaona kwamba mwandishi wa vijana hawezi kwenda popote kabla hajawaondoa. Mzazi mwenye busara akiwepo mezani kila jioni, hakuna riwaya. Atasuluhisha kila kitu kabla ya sura ya tatu. Kwa hiyo huko wanawaua vitani, wanawauguza, wanawapa talaka, wanawafanya wajinga, au wanampeleka mtoto kwenye shule ya siri. Nguo za hadithi hubadilika kila miaka mitatu, lakini kijana anayebaki peke yake na uamuzi mzito kuliko umri wake yupo palepale tangu Hinton mpaka leo.

Sisi mzazi hatuhitaji kumuua. Tuna bweni, ambako mama anaonekana siku ya kutembelewa, na kopo la karanga, halafu anaondoka. Tuna bibi aliyelea wajukuu. Tuna kyeyo. Msichana anayelipiwa karo na sauti iliyo Riyadh, halafu sauti ikakatika, huyo ameachwa peke yake kuliko shujaa yeyote mwenye upinde. Na tuna jambo ambalo nchi nyingine hazina kwa kiasi chetu: shule zetu zilifungwa Machi 2020, wachache wakarudi kwa zamu, na hazikufunguliwa kwa wote mpaka Januari 2022. Watoto waliokuwa P.4, darasa la nne la msingi, wakati ule sasa wako sekondari. Wengine waliuza mihogo, wengine walikwenda machimboni, wasichana wengi walirudi darasani wakiwa mama au hawakurudi. Hao ndio wasomaji wako. Mswada wa kweli juu ya miezi ile, wenye mzaha wake na njaa yake, haujafika bado kwenye meza yangu, nami nausubiri.

Sasa wewe unaniuliza utazamie wapi. Mwanangu, umekaa kwenye kibanda cha mobile money! Likizo zikianza, vijana wa Mbale wote wanapita mbele yako kununua bando. Usiwaulize wanapenda kitabu gani, watakutajia kile cha mtihani ili uwaone wazuri. Waulize ni kipi kiliwafanya wachelewe kulala, na ni kipi walikiacha njiani, na wapi. Jibu la pili lina thamani kuliko la kwanza. Omba ruhusa kwa mtunza maktaba wa shule iliyo karibu, ulitazame daftari lake la kuazima. Ukishika kitabu chochote, fungua ukurasa wa hakimiliki kabla ya sura ya kwanza uone kilitoka mwaka gani na kimepigwa chapa mara ngapi. Hapo ndipo utajua kama unasoma kinachoanza, kinachokwisha, au kinachodumu. Halafu andika kwenye daftari lako: shujaa ana umri gani, ni nani anayesimulia, wazazi wako wapi, na uongo wa kwanza unasemwa ukurasa wa ngapi. Usiandike zaidi ya hayo.

Kuna mwelekeo mmoja ambao binamu yako hauoni kwa sababu hauna muziki wala dansi. Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza 2020, uliweka Kiswahili kuwa somo la lazima Senior 1 na Senior 2. Julai 2022 Baraza la Mawaziri likapitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kifundishwe shule za msingi na sekondari. Walimu bado hawatoshi, kila mtu anajua. Hata hivyo kuna watoto wanaojifunza kusoma lugha hii sasa hivi, na riwaya wanazopewa nyingi zimetoka Kenya na Tanzania: Mombasa, Tanga, Unguja, bahari kila ukurasa. Nazipenda, zimenilea. Lakini mtoto wa Sironko ambaye hajawahi kuiona bahari anastahili kukutana na matoke na matope ya kwao kwa Kiswahili walau mara moja. Mwandikie yeye: sentensi fupi, kitabu chembamba, mazungumzo mengi. Kwake hii ni lugha ya tatu au ya nne, na akikwama ukurasa wa pili hatarudi.

Haya, mwite joka.

Sina ugomvi na majoka. Kiswahili kilikuwa na madubwana kabla TikTok haijazaliwa. Edward Steere alipochapisha ngano za Unguja mwaka 1870, mlikuwemo Nunda, paka wa sultani aliyeanza kwa kula mifugo, akaachiwa, akapanda mpaka kula watu. Aliyemwua ni mwana wa mwisho, yule wa kukaa jikoni ambaye nyumba nzima ilimwona si kitu, naye kabla ya kumpata alileta nyumbani mnyama baada ya mnyama, mama akimwambia kila mara kwamba siye. Kijana aliyedharauliwa, watu wazima waliolea balaa kwa macho yao, mama mwenye hofu. Mpe mhariri yeyote wa vijana hadithi hiyo uone.

Lakini mle Nunda ana kazi. Ukimtoa, hadithi inakufa, kwa sababu yeye ni matokeo ya uzembe wa baba. Joka lako la Wanale linafanya nini? Nimesoma kurasa ulizonitumia: linatoa moshi, linampenda msichana mmoja, halafu linalala tena. Ukilitoa, wale wasichana watatu hawapungukiwi hata na penseli. Na unalilaza kwenye milima ambayo watu wake wanajua ardhi inavyofanya kweli. Machi 2010 mlima ulishuka juu ya vijiji vya Bududa na kuwafunika watu kwa mamia. Ukiandika kitu kinachojigeuza chini ya Elgon, mlima ambao Wanale ni sehemu yake, msomaji wako wa Bududa atakumbuka jambo ambalo si mchezo. Ama ulibebe hilo kwa uzito wake, na hapo utakuwa na riwaya nyingine kabisa, pengine kubwa kuliko hii, ama umwache joka kwenye faili lake. Mimi kwa sasa ningemwacha. Maliza kwanza simu iliyonyamaza. Nataka kujua nani ataipokea.

Ukimaliza, wachapishaji wa Kampala watakuuliza kama kitaingia shuleni, jiandae kwa swali hilo bila kukasirika. Vilevile fuatilia matangazo ya Tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell, iliyoanza 2014 kwa jina la Mabati-Cornell. Inapokea hata miswada ambayo haijachapishwa. Soma masharti ya mwaka husika mwenyewe, usisomewe na binamu.

SWALI

Shangazi, za kazi. Nimeandika hadithi ya mapenzi ya vijana, kurasa 140, nataka kuichapa mwenyewe Nasser Road, mtaa wa wachapaji Kampala, kabla mtindo huu haujapoa. Mchapaji ananishauri nichape nakala 1,000 ili kila moja iwe rahisi.
— Mwenye haraka, Arua

JIBU

Nzuri, mwanangu. Mchapaji anakushauri kama mchapaji. Nakala zikilala chini ya kitanda chako, yeye ameshalipwa. Siku hizi mashine za dijitali zinachapa hata 50. Kila moja itakuwa ghali zaidi, sawa, lakini hasara yako ina mwisho. Chapa chache, zipeleke shule mbili, uone kama watoto wanaombana nakala. Kabla ya hapo nenda Maktaba ya Taifa ya Uganda upate ISBN, namba ya kukitambulisha kitabu, maana bila hiyo duka la maana halitakupokea. Na mtafute mtu alisome kwa kalamu nyekundu, asiwe rafiki yako. Mapenzi ya vijana hayapoi, hilo usilihofie. Hofia makosa ya ukurasa wa kwanza.

SWALI

Nilimsimulia rafiki wazo la riwaya yangu, msichana anayejifanya mvulana ili acheze mpira katika timu ya shule. Sasa nasikia naye anaandika hiyohiyo. Nimshitaki?
— Nimeumia, Busia

JIBU

Pole, lakini hapana. Sheria ya Hakimiliki ya Uganda ya 2006 hailindi wazo, inalinda namna ulivyoliandika. Na msichana anayevaa suruali ili aingie mahali alipokatazwa ni wa zamani sana, Shakespeare alimtumia zaidi ya mara moja, kwa hiyo wewe na rafiki yako nyote mmekopa. Andika wako, na hapo karatasi itakapokuwa na maneno yako ndipo sheria itakapokuwa na cha kulinda, hata kabla hujasajili. Mpira mnaucheza Busia uwanja gani, mvua ikinyesha unakuwaje, na huyo msichana analala wapi timu ikisafiri? Rafiki yako hakuyapata hayo kwenye wazo lako. Nitumie sura ya safari ya timu kabla ya tarehe 20, na tafadhali isiwe picha za daftari. Macho yangu hayawezi tena.